Mursik, 'hu-' na 'huenda': Utafiti unavyovuliwa shaka kabla ya kufika Bomet

Desemba iliyopita tulimzika shangazi yangu katika kijiji kimoja upande wa Silibwet, Kaunti ya Bomet. Ugonjwa uliomwondoa hauna siri tena huko, kwani ni nadra kupata ukoo ambao haujazika mtu kwa sababu yake: kansa ya umio. Wajukuu walipomaliza kusema yao, na akina mama wa kanisa yao, alisimama mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtu anayeheshimiwa, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tusidanganyane," akasema. "Utafiti umefanywa hapa hapa kwetu. Mursik husababisha kansa. Si maneno yangu, ni wataalamu wamesema."

Watu wakatikisa vichwa. Binamu yangu, kitinda mimba wa marehemu, akaninong'oneza: "Na vile Mama alikuwa anatupatia hiyo kitu kila siku. Kumbe alikuwa anatumaliza, na hakujua."

Msomaji ataniwia radhi kwa kuwa mtu wa sarufi hata matangani. Nilirudi Nairobi nikiwa na majonzi, lakini pia nikiwa na kiambishi kimoja kilichonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kiambishi chenyewe ni 'hu-' katika 'husababisha'.

Kwa asiyeijua, mursik ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu, sotet kwa Kikipsigis. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti kiitwacho sosiot, kisha hupakwa unga wa mkaa wa mti kama senetwet, ambao huyapa maziwa ile rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Mgeni wa heshima hupewa mursik. Mwanariadha anayerejea na medali hulakiwa nayo uwanja wa ndege. Kumwambia mtu wa Bomet kwamba mursik ni sumu si jambo dogo, na anayelisema anapaswa kuwa na hakika.

Je, wataalamu walisema hivyo? La. Kiambishi 'hu-' tulifundishwa kuwa ni cha mazoea. Jua huchomoza mashariki. Maji hutelemka bondeni. Kitenzi chenye 'hu-' hakitaji nafsi wala wakati, na hakiachi mlango wa ila. Ukisema 'mursik husababisha kansa', umeiweka kauli hiyo kwenye rafu moja na kuchomoza kwa jua. Ajabu ni kwamba neno tunalolitegemea zaidi kuonyesha shaka, 'huenda', limetokana na kiambishi hicho hicho. 'Chebet huenda sokoni' ni habari ya desturi yake. 'Huenda Chebet yuko sokoni' ni dhana tu, na anayemtafuta asije akalaumu mtu akimkosa. Lugha yetu basi inayo njia ya kusema yote mawili kwa mzizi mmoja. Tatizo ni kwamba wanaobeba habari za utafiti kutoka maabara hadi kijijini hubeba ile 'hu-' na kuisahau 'enda'.

Hebu tutazame kilichofanyika. Hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na mji wa Bomet, imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa kansa ya umio kwa miaka mingi. Mwaka 2002 madaktari wake waliandika katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu, ambao kwingineko huwakamata zaidi wazee, ulikuwa ukiwapata hata vijana wa Bomet. Tangu hapo watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiuliza sababu. Mwaka 2013 kundi moja, wakiwemo madaktari wa Tenwek, lilichapisha makala kuhusu mursik. Walipima kiasi cha pombe na kemikali iitwayo asetaldehaidi katika sampuli za maziwa hayo, na wakapima pia mate ya watu waliojitolea baada ya mursik kupita kinywani. Asetaldehaidi ilipatikana kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Katika kichwa chenyewe cha makala waliweka neno la tahadhari: mursik ni kisababishi kinachowezekana. Hawakuwafuata wanywaji kwa miaka kumi ili kuona nani aliugua na nani hakuugua, wala hawakudai kufanya hivyo. Walifungua mlango wa swali.

Safari ya sentensi yao ilianzia hapo. Kwenye jarida ilikuwa 'inawezekana kwamba mursik inachangia'. Kwenye semina ikawa 'mursik inahusishwa na kansa', kauli ambayo bado ina adabu. Mtangazaji akaisoma 'mursik inasababisha'. Mzee wetu, kwa Kiswahili chake kizuri cha chuo cha ualimu, akaipandisha daraja la mwisho: 'husababisha'. Na kwa kuwa vituo vingi vya huko hutangaza kwa Kikalenjin, habari ikichukuliwa kutoka Kiswahili, kosa letu huingia katika lugha ya mama likiwa limeshakomaa. Bibi kizee asiyesoma jarida wala gazeti hili hupokea amri: mwaga.

Sisemi kwamba mursik haina hatia. Simo katika kundi la wanaosema mababu zetu waliinywa na hawakufa. Mababu walikufa, ila hapakuwa na wa kuandika sababu. Ninachosema ni kwamba mshukiwa na mfungwa ni watu wawili, na Kiswahili kinajua kuwatenganisha.

Mfano wa pili unanitia hofu zaidi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na daktari wa upasuaji wa Tenwek, Michael Mwachiro, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Walimulikwa umio kwa kamera na kupakwa iodini ili sehemu zisizo za kawaida zionekane. Watu 44, yaani asilimia 14.4, walikutwa na hali iitwayo displasia: seli za utando wa umio zimeanza kubadilika. Displasia si kansa. Nyingine hubaki zilivyo, na nyingine huendelea hadi kuwa kansa, hasa zile zilizokithiri. Faida ya kuijua ni kwamba daktari anaweza kuiwahi.

Niliwapa wanafunzi wangu aya moja inayoeleza matokeo hayo waifasiri. Thuluthi moja ya darasa iliandika kwamba asilimia 14 ya watu wa Bomet 'wana kansa na hawajui'. Walikosea mara mbili: displasia wameigeuza kansa, na watu 305 wamewageuza kaunti nzima. Nilipomuuliza mmoja wao mbona, akanijibu kwa unyoofu: "Mwalimu, nilitafuta neno la displasia nikakosa, nikaona niweke ile watu wanaelewa." Hicho ndicho kiini cha ugonjwa wetu wa tafsiri. Neno likikosekana, hatulielezi bali tunaazima la jirani, hata kama jirani huyo ni jambazi. 'Mabadiliko ya seli ambayo bado si kansa' ni maneno saba tu. Nafasi haikosekani.

Niseme sasa kuhusu shangazi.

Katika zahanati moja huko nilikuta kipeperushi kilichobandikwa ukutani chenye kichwa 'Jihadhari na Kansa ya Koo'. Redio nazo husema 'kansa ya koo'. Mazungumzo ya watu pia ni hivyo hivyo, na siwalaumu. Lakini koo, kwa mwenye kuumwa, ni hapa shingoni, pale pakauma ukipata mafua. Umio ni mrija unaoshuka kutoka hapo, ukapita nyuma ya moyo, hadi tumboni. Shangazi hakuumwa na koo hata siku moja. Yeye alisema chakula 'kinasimama hapa', akigusa katikati ya kifua. Ilianza na nyama. Baadaye ugali ukawa hauendi bila maji, halafu ikawa ni uji tu. Miezi mitano alinunua dawa za kiungulia dukani, na alipoulizwa na majirani kama si ile kansa ya koo, alijibu kwa uhakika kwamba koo lake ni zima. Alikuwa amesikia matangazo yote. Alijichunguza kama matangazo yalivyomwelekeza, akajikuta salama. Alipofikishwa hospitali, kilichobaki ni kuwekewa kile kibomba cha kupanua njia ili angalau ameze uji kwa miezi iliyosalia.

Siwezi kuapa kwamba neno 'umio' lingemwokoa. Ugonjwa huu ni mkali hata ukiwahiwa. Ila najua kwamba kipeperushi kingesema 'chakula kikikukwama kifuani, hata kama koo haliumi', angeenda miezi mitano mapema.

La kusikitisha ni kwamba neno 'umio' tunalo, na tunalifundisha. Mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini amekutana na orodha ya viungo vya ndani ya mwili: ini, figo, wengu, kongosho, nyongo, utumbo, umio. Kwa miaka mingi tuliziweka orodha hizo katika mitihani ya KCPE, na watoto wakazikariri kama majina ya vituo vya reli ambayo hawatawahi kuipanda. Waulize wachumaji majani chai waliomaliza darasa la nane kongosho liko upande gani wa tumbo. Neno watalikumbuka, lakini mahali hawajui. Msamiati uliofundishwa bila sentensi hai ya kukaa ndani yake hauwezi kumwokoa mtu. Hapa walimu wa Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao, hatuna wa kumsingizia.

Nikija kwenye chai yenyewe, nakanyaga ardhi nyeti, kwani Kericho na Bomet huishi kwa jani hilo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao mjini Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yamkini husababisha kansa ya umio. Haikuwa chai wala kahawa, bali joto. Watu wakashtuka, na nusu ya mshtuko huo ilitokana na tafsiri iliyosema 'chai husababisha kansa', hali joto ndilo lililoshtakiwa na jani likaachiwa huru.

Utafiti mwingine uliofanywa Eldoret, magharibi mwa Kenya, ukachapishwa 2019, uliwalinganisha wagonjwa wa kansa ya umio na watu wasio nayo. Hatari ilipanda kadiri mtu alivyojieleza kuwa anakunywa vinywaji vya moto zaidi. Zingatia hilo la kujieleza. Kipimo hapo hakikuwa kipimajoto, kilikuwa neno. Sasa fikiria uzito anaobeba yule anayeuliza swali na yule anayelifasiri. Kiswahili kina 'fufutende', kina 'vuguvugu', kina 'moto', kina 'moto sana', kina 'ya kuchemka'. Nyumbani kwetu chai ya vuguvugu ni tusi kwa mgeni. Mwenyeji akikuona umeacha kikombe dakika mbili atakichukua akiguna, "Wacha nikuongezee, imepoa," na kumbe bado inaweza kukubabua ulimi. Ukimuuliza mtu kama huyo anakunywa chai 'moto' au 'moto sana', 'moto' yake ni 'moto sana' ya mtu wa Mombasa. Watafiti makini wanalijua hili na ndiyo maana wengine, kama wale waliofanya kazi Kilimanjaro, walibeba vipimajoto hadi jikoni.

IARC yenyewe imetupa somo la lugha ambalo hatujalifanyia kazi. Huainisha vitu kwa ngazi za uhakika: Kundi la 1 ni vile vilivyothibitika, 2A ni vile ambavyo ushahidi unaelekea huko bila kukamilika, na 2B ni vile vinavyoshukiwa kwa ushahidi hafifu zaidi. Kwa Kiingereza ngazi hizo zina maneno yake mahususi. Kwa Kiswahili kila mwandishi hujikatia njia, na aghalabu zote tatu huishia 'husababisha'. Pendekezo langu ni hili, na ninajua wapo watakaolipinga: tuseme 'imethibitika kusababisha' kwa 1, 'yamkini husababisha' kwa 2A, na 'huenda ikasababisha' kwa 2B. 'Yamkini' ni neno zee la heshima linalokufa kwa kukosa kazi. Hii ndiyo kazi yake.

Kinyume chake nacho kipo, na kinachekesha kama hakikutii mkono mfukoni. Watafiti wa chai wa Kericho walizindua 2011 aina ya mchai wa zambarau, TRFK 306, wenye wingi wa antosayanini, ile rangi inayopatikana pia katika zabibu nyeusi. Maabara zimeona mambo ya kutia moyo kuhusu kemikali hiyo. Wauzaji nao hawakungoja. Nimesoma pakiti iliyoandikwa kwamba chai hiyo 'hutibu' shinikizo la damu na 'huzuia' kansa. Ni 'hu-' ile ile. Kwenye maziwa ya bibi imetumika kuhukumu, na kwenye pakiti ya bei ghali ikatumika kutukuza, na mahali pote pawili ushahidi ulikuwa unasema 'ngojeni kwanza'.

Kericho ina mfano mwingine ambao wanafunzi wa uandishi wangepaswa kuujua kwa moyo. Malaria ya mashamba ya chai iliporudi kwa kishindo miaka ya themanini na tisini, wanasayansi waligawanyika. Mwaka 2002 makala katika jarida la Nature ilisema hali ya hewa ya Kericho na sehemu nyingine tatu za nyanda za juu haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza mlipuko huo. Wengine wakaelekeza kidole kwa dawa zilizokuwa zimeshindwa nguvu na vimelea. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakarudi kwa rekodi za kila siku za kituo cha hali ya hewa cha Kericho, kuanzia 1979 hadi 2009, wakakuta joto limepanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi kila mwongo. Mashamba ni yale yale, mada ni ile ile, majibu yanavutana. Mwandishi aliyeandika 2002 kwamba 'wataalamu wamethibitisha' alilazimika 2011 kuandika tena kwamba 'wataalamu wamethibitisha', na msomaji akabaki akijiuliza wataalamu hawa ni vigeugeu au vipi. Si vigeugeu. Wao hawakuwa wamethibitisha. Walikuwa wamekadiria, wakaonyesha hesabu zao, na wengine wakazikagua. Vitenzi hivyo, kukadiria, kudokeza, kubaini, kuashiria, vimo katika kamusi zetu zote.

Kwenye uhifadhi wa wanyamapori na misitu, kosa hili linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Mto Nyangores unaopita Tenwek, ambao hospitali hiyo imeutumia kuzalisha umeme, hutoka msitu wa Mau, huungana na Amala na kuwa Mara, na ndio unaonywewa na nyumbu wale ambao dunia nzima huja kuwatazama wakivuka. Katika Mau ya Kusini Magharibi bado wamo swara adimu wanaoitwa bongo. Kwa hiyo watafiti ni wengi huko. Baadhi yao walipima udongo unaobebwa na maji katika mabonde matatu madogo, moja la msitu, moja la mashamba makubwa ya chai na moja la wakulima wadogo. Maji ya bonde la wakulima wadogo yalikuwa na udongo mwingi zaidi. Sababu walizozijadili ni za kawaida: ardhi inayolimwa na kubaki wazi kabla mimea haijaifunika, njia za miguu na za mifugo zinazoteremka hadi mtoni.

Matokeo hayo yanamhusu mkulima mwenye hatimiliki aliyezaliwa pale, na dawa yake ni kupanda nyasi kingoni na kupinda njia za ng'ombe. Lakini nimeyasikia yakisimuliwa mkutanoni hivi: "Utafiti umeonyesha wavamizi huharibu Mau." Tazama mabadiliko ya jina. 'Wakulima wadogo' wamekuwa 'wavamizi'. Mvamizi ni mtu wa panga. Hakuna anayepanda nyasi na mvamizi, mvamizi huondolewa. Na kuondolewa kulitokea: 2018 na 2019 maelfu ya watu walifurushwa Maasai Mau, wengi wao Wakipsigis, watoto wakiwa na sare za shule. Sisemi kwamba waliofurushwa wote walikuwa na haki ya kuwa pale. Hilo ni la mahakama na la wapimaji ardhi. Nasema kwamba utafiti kuhusu udongo hauna neno lolote juu ya nani ni mvamizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, ikiamua kesi ya Waogiek Mei 2017, iliona kwamba serikali haikuleta ushahidi kuwa jamii hiyo ndiyo sababu kuu ya kuharibika kwa Mau. Majaji walidai ushahidi kwa kila neno. Sisi waandishi tunapitisha 'wavamizi' bila hata kupepesa jicho.

Lawama isiwaishie waandishi wa habari na wazee wa matangani. Vyuo vikuu vimesogea hadi mlangoni mwa wachumaji chai: Kabianga iko Kericho, na Bomet kuna chuo kikuu kishiriki. Wanafunzi wao wa elimu, afya na mazingira hukusanya data kutoka kwa watu wanaozungumza Kikipsigis na Kiswahili, kisha huandika tasnifu kwa Kiingereza, na huo ndio mwisho wa mawasiliano. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini katika utafiti kazi yake imebaki kuwa ya kuingilia nyumbani kwa watu. Kikishafungua mlango, kinaachwa nje.

Na hata huko mlangoni hakitendewi haki. Niliwahi kuletewa fomu ya ridhaa ya utafiti uliokusudiwa kufanywa katika nyumba za wafanyakazi wa chai; mwenyewe simtaji. Toleo la Kiingereza lilisema kwamba hakuna madhara yanayotarajiwa na kwamba matokeo yanaweza kusaidia kuboresha afya ya jamii siku za usoni. Toleo la Kiswahili lilisema: 'Utafiti huu hauna madhara yoyote na utaboresha afya yako.' Mtu aliyetia sahihi toleo hilo ameridhia kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumpa. Nilipomwandikia mhusika, alinijibu kwamba Kiswahili 'hakina unyumbufu huo'. Nilimrudishia sentensi yake ikiwa imeandikwa upya: 'Hatutarajii kwamba utafiti huu utakudhuru. Hautakutibu wewe, lakini matokeo yake yanaweza kuwafaa wengine baadaye.' Unyumbufu upo. Ilihitaji dakika tatu.

Rafiki yangu mmoja, afisa wa afya ya umma, ananipinga vikali. "Wewe unakaa na vitabu," aliniambia kwa simu. "Ukiambia watu 'huenda', watakuuliza kwani wewe hujui kazi yako? Ujumbe wa afya lazima uwe mkali. Sigara inaua. Kwisha." Nakubali kwamba sigara inaua, kwa kuwa imethibitika, hapo 'huenda' ingekuwa uongo wa upande wa pili. Lakini kudhani kwamba mkulima hawezi kutenda jambo kwa sababu ya 'huenda' ni kutomjua. Kericho ni nchi ya mvua ya mawe. Hakuna anayejua itapiga shamba la nani, lakini jioni mawingu yakijaa kila mtu huingiza ndama ndani na kufunika kitalu chake, bila kungoja uthibitisho. Wakulima hao hao hukopa karo kwa sababu huenda bonasi ikapanda. Maisha yao yote ni hesabu ya huenda. Wanaoiogopa ni sisi tuliosoma.

Tena ujumbe mkali una gharama yake. Mtu akiambiwa leo mursik huua, kesho chai huua, keshokutwa mkaa na mahindi, hufika mahali akasema kila kitu kinaua, basi wacha tule. Au, kama binamu yangu, hubeba kaburini wazo kwamba mama yake aliwalisha sumu.

Nilimpigia binamu huyo majuma mawili yaliyopita. Nilimweleza polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, kile kilichopimwa na kile ambacho hakijapimwa: kwamba mursik inashukiwa, na si mbaya kuipunguza, kwamba moto wa chai unashukiwa zaidi, na kuiacha ipoe hakugharimu chochote, kwamba pombe na tumbaku hazina mjadala, kwamba wapo watu wasio na dalili ambao seli zao zimebadilika na bado si kansa.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo Mama hakutumaliza?"

"Hakuna utafiti uliosema hivyo."

Akanyamaza tena. Kisha akaniuliza ile kamera ya kumulika umio inalipishwa pesa ngapi, na kama mtu anaweza kwenda nayo bado hajakwamwa na chakula.